Kuvunja na Kufungua: Historia Fupi ya Vitu Vilivyokufa

Wachimbaji wadogo wa Geita wana neno moja ambalo sijaona likipewa heshima yake na wapenzi wa lugha: marudio. Ni ule mchanga ambao umeshasagwa kwenye karasha, umeshaoshwa mwaloni, dhahabu yake imeshanaswa kwa zebaki, na kwa macho ya mgeni umebaki kuwa takataka tu. Hautupwi. Unarundikwa, unalindwa usiku, unauzwa. Mwenye mtaji anaununua, anaujaza kwenye matangi, anauloweka kwa sayanaidi na kutoa dhahabu ambayo zebaki haikuiona. Kuna watu wamejenga nyumba kwa marudio.

Kwa hiyo huku kwetu huna haja ya kumhubiria mtu kwamba kitu kilichokwisha kutumika bado kina thamani. Anajua. Ukipita mitaani na simu iliyokufa, redio isiyo na sauti au televisheni ya chogo, atatokea kijana wa skrepa na mizani yake ya kuning'iniza akuulize unauza kiasi gani. Ataipima kwa kilo. Kesho yake itakuwa imepasuliwa kwa nyundo, shaba imetolewa, plastiki imeachwa mtaroni.

Hiyo ni kuvunja. Kuna kitendo kingine, kinachoanza na bisibisi badala ya nyundo, na ambacho mwisho wake mtu anaweza kukirudisha kitu kama kilivyokuwa. Huko ni kufungua. Mafundi wana utani wao wa zamani juu ya mwanafunzi anayejua kufungua tu, kufunga hajui. Ukifikiri vizuri, utani huo ni mtihani wa fizikia. Anayeweza kufunga ameelewa. Makala hii ni historia ya kufungua, kwa jinsi ninavyoiona kutoka Geita, na ya namna shule zetu zilivyoiacha ikae nje ya uzio.

Tuanze na lugha, maana hapa wengi tumekuja kwa ajili yake. Fundi, kufunda, kufundisha, funzo, mwanafunzi: yote ni mzizi mmoja. Kiswahili hakikuwahi kumtenga anayetengeneza na anayeelimisha. Neno mwalimu tulilipata kutoka Kiarabu. Neno shule tulilipata kwa Wajerumani, na ndiyo maana Zanzibar, ambako Mjerumani hakutawala, bado wanasema skuli. Lakini fundi ni wetu wenyewe, na mwanafunzi alikuwa mtu wa fundi kabla hajawa mtu wa dawati. Tulipoagiza shule na mwalimu, kwa bahati mbaya hatukumwalika fundi aingie nao darasani.

Na fundi wa eneo hili ana historia ndefu kuliko mgodi wowote. Kabla Geita haijajulikana kwa dhahabu, nchi ya Uzinza, ambayo sehemu yake kubwa leo ipo ndani ya Mkoa wa Geita, ilijulikana kwa chuma. Warongo walikuwa wahunzi wake. Waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri ya udongo, wakipuliza kwa mivukuto, na majembe yao yakasafiri Usukuma na Unyamwezi, ambako igembe halikuwa chombo cha kulimia tu bali mahari na fedha. Mwaka 1978, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha katika jarida la Science makala iliyozua ubishi mkubwa. Walikuwa wamekwenda kwa Wahaya, jirani zetu wa ng'ambo ya magharibi, wakakuta wazee ambao hawakuwa wameyeyusha chuma kwa miongo mingi, wakawaomba wajenge tanuri upya kwa kumbukumbu. Wazee wakajenga. Hoja ya watafiti ilikuwa kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa moto ikiwa bado ndani ya mirija, kabla haijafika kwenye mkaa, na hivyo tanuri likapata joto kali kuliko lilivyotarajiwa. Wataalamu wengine wamepinga hoja hiyo hadi leo. Baadaye Schmidt alifanya kazi ya namna hiyo hiyo na Warongo wenyewe.

Mimi ubishi wa joto nawaachia wenyewe. Kinachonigusa ni wale wazee. Maarifa ambayo hayakuandikwa popote yalikuwa yamehifadhiwa mikononi, na njia pekee ya kuyasoma ilikuwa kujenga kitu chenyewe, kukosea, kubomoa, kujenga tena.

Majembe ya kiwandani yalipofika kwa wingi, uyeyushaji ukafa. Uhunzi haukufa. Mhunzi aliacha kutafuta mawe ya chuma akageukia chuma kilichokwisha kuwa kitu kingine: springi za lori, vipande vya reli, madramu. Panga lililotokana na springi ya gari ni somo tosha la metali, kwa sababu springi na bati havifuliwi kwa namna moja, na mhunzi asiyejua tofauti hiyo atauza panga linalopinda shambani na kesho yake mteja atalirudisha mlangoni. Hapo ndipo historia ya mabaki kama darasa inapoanzia kwetu. Haikuletwa na mradi.

Redio ndiyo ilileta darasa la pili. Tanganyika ilianza kuwa na utangazaji wake mwaka 1951, na baada ya uhuru serikali iliifanya redio kuwa mwalimu wa taifa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakajifunza kuhusu malaria na kichocho. Dar es Salaam kiwanda cha Matsushita kilitengeneza redio na betri za National, jina ambalo wazee bado wanalitumia kwa betri yoyote ya mawe. Haya yote yameandikwa vizuri na wanahistoria. Kitu ambacho wamekipa nafasi ndogo ni siku redio ile ilipokata sauti.

Kwa sababu redio iliyonyamaza ilipelekwa kwa mtu. Mtu huyo aliifungua kifuniko cha nyuma, na hapo redio ikaanza kufundisha kwa mara ya pili, safari hii kutoka ndani. Kisha ikaja miaka migumu: Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wito wa Mwalimu Nyerere wa kufunga mikanda, maduka matupu, na mwaka 1983 ile operesheni ya wahujumu uchumi iliyowafanya watu watupe sabuni na vitenge mtoni usiku. Spea hazikuwepo. Fundi wa miaka ile hakuwa na pa kuagiza transista, kwa hiyo redio tatu zilizokufa zilizaa moja iliyo hai. Kufanya hivyo kunahitaji kujua kifaa gani kinafanya kazi gani, kipi kinaweza kukaa mahali pa kipi, na kipi kitaungua ukijaribu. Huwezi kubahatisha siku zote. Kizazi kizima cha mafundi kilisoma elektroniki kwa sababu hakukuwa na kitu cha kununua, nami naamini, bila kuitamani tena njaa ya miaka ile, kwamba hicho ndicho kizazi bora cha mafundi tulichowahi kuwa nacho.

Ajabu ni kwamba mambo hayo yalikuwa yanatokea ndani ya nchi iliyokuwa na falsafa nzuri kabisa ya kuyapokea. Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere ilitoka Machi 1967, na ilisema wazi kwamba kila shule iwe na shamba au karakana, na kwamba mtoto ajifunze kwa kufanya. Shamba au karakana. Tulichagua shamba. Muulize yeyote aliyesoma shule ya msingi kuanzia wakati huo hadi wakati wangu, neno kujitegemea linamkumbusha nini: jembe, ndoo ya maji, kuni za mwalimu, na mara nyingi adhabu. Karakana ilihitaji vyombo na mtu wa kuvitumia. Shamba lilihitaji watoto tu. SIDO ilipoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ilikwenda kwa watu wazima wenye kazi zao. Mtoto wa darasa la tano akabaki na jembe, na fundi redio akabaki barazani kwake, umbali wa kutupa jiwe kutoka shuleni.

Wakenya nao walijaribu. Mfumo wao wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulikuja na masomo ya sanaa na ufundi, na wazazi wakatakiwa kuchangia karakana. Ukaishia kuwa mzigo kwa wazazi, na masomo hayo yakapunguzwa. Huku nje ya uzio wa shule, pale Gikomba na Kamukunji, jua kali ilikuwa inafua masufuria na majiko kutokana na mabati chakavu, bila mtaala.

Mimi ni zao la shule za kata, zile zilizoota kila mahali baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004. Nilisoma mota ya umeme ubaoni. Mchoro ulikuwa mzuri, wenye mishale, N na S, na maelezo ya Kiingereza ambayo tuliyakariri kama kasida. Maabara haikuwepo, tuliandika namna ambavyo tungefanya jaribio kama tungekuwa na vifaa. Fikiria hilo kama kazi ya fasihi: fizikia kwa wakati wa masharti, nge na ngali. Mota halisi niliiona ikiwa wazi nilipokuwa mtu mzima, naandika habari, mikononi mwa fundi simu ambaye hakumaliza darasa la saba. Ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, ile inayotetemesha simu. Alinionyesha kwamba kwenye ncha yake kuna kizito kilichowekwa upande mmoja tu, ndiyo maana ikizunguka simu inatetemeka. Sekunde 10 zilitosha.

Sasa turudi kidogo kwenye neno. Fundi yule alinieleza kwa Kiswahili, kilichochanganyika na Kisukuma kidogo. Kwake umeme ni moto: moto unafika hapa, hapa haupiti. Kifaa kinakufa na kinafufuka. Waya una shoti, bodi imeungua, betri imevimba. Huo ni msamiati kamili wa kufikiria saketi, na unatosha kumwongoza mtu mpaka apate ugonjwa. Wataalamu wetu nao hawakulala. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na ndani yake utakuta maneno safi kama mkondo na ukinzani. Ila kamusi ile haikukutana na fundi, na darasa la sekondari linafundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tuna lugha tatu za umeme ambazo hazisalimiani: ya barazani, ya kamusini na ya mtihani. Ukitaka kujua kwa nini mtoto anafaulu swali la saketi ya mfuatano lakini hawezi kutengeneza taa ya kwao, anzia hapo.

Taa yenyewe ni mfano mzuri, na nitaukalia kidogo kwa sababu iko katika kila nyumba yenye umeme. Balbu ya LED ikifa, fungua kifuniko chake cheupe. Utaona vidoti vya njano vimepangwa kwenye bati, na mara nyingi kimoja kina alama nyeusi katikati, kama kilichochomwa na njiti. Vidoti hivyo vimeungwa kwa mfuatano, kama watu walioshikana mikono kuvuka mto: mmoja akiachia, wote wanakwama. Fundi anaunganisha pande mbili za kile kilichoungua kwa tone la risasi, na balbu inawaka tena, ingawa kwa kawaida haidumu sana, kwa kuwa waliobaki wanabeba mzigo wa mwenzao. Mada nzima ya kidato imeisha, na hakuna aliyenunua chochote. (Msomaji, usiijaribu ikiwa kwenye umeme wa nyumbani. Umeme wa ukutani hauna mwanafunzi.)

Mifano iko mingi. Spika ya redio ni sumaku, koili na karatasi. Iguse kwa betri moja ya tochi, karatasi inaruka. Kisha geuza, iunge kwenye mita ya fundi na ugonge karatasi kwa kidole, mshale unatikisika. Kitu kimoja kinageuza umeme kuwa mwendo na mwendo kuwa umeme. Printa ya ofisini iliyokufa ina mota ambazo ukizizungusha kwa vidole tu zinawasha taa ndogo ya LED, na hilo ndilo Bwawa la Mtera, lililopunguzwa likatosha kiganjani.

Ni mota hizo hizo za printa zilizoleta ile habari ya mwaka 2013, pale Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alipounda printa ya 3D kutokana na vifaa vilivyotupwa. Miaka michache baadaye vijana wa STICLab jijini Dar es Salaam wakafanya vivyo hivyo, na Nairobi wakawa AB3D. Vyombo vya habari, mimi nikiwa mmoja wao, tulipenda sana habari hizo: takataka imegeuka mashine ya kisasa, piga picha, tupa kichwa cha habari. Lakini thamani yake kubwa haikuwa kwenye mashine, ambayo hata hivyo unaweza kuinunua kutoka China. Ili uitoe mota kwenye printa ya karatasi na kuifanya isukume kitu kingine kwa kipimo cha chini ya milimita moja, lazima ujue nyaya zake nne au sita zinapokezana vipi. Aliyefanya hivyo mara moja hatatishwa tena na mashine.

Kabla yao alikuwepo William Kamkwamba. Wasomaji wa hapa mnamjua kwa kitabu alichoandika na Bryan Mealer mwaka 2009, au kwa filamu ya Chiwetel Ejiofor ya mwaka 2019. Mvulana wa Malawi aliyetolewa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, akaunda kinu cha upepo kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli na dinamo. Nchi yetu ina sehemu ndogo katika kisa chake: dunia ilimsikia kwa mara ya kwanza Arusha, Juni 2007, kwenye mkutano wa TED. Watu wengi wanakisoma kisa hicho kama habari ya kipaji cha mtu mmoja, na nadhani kusoma hivyo kunatupa starehe ya kutofanya kitu: tukae tusubiri kipaji kingine kizaliwe. Mimi nakisoma kama habari ya vitu viwili vilivyokuwa karibu, lundo la vyuma chakavu na maktaba ndogo ya shule ya msingi yenye kitabu cha nishati chenye picha. Lundo peke yake lingemfanya muuza skrepa. Kitabu peke yake kingemfanya mkariri, kama mimi. Arusha hiyo hiyo yuko Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyeunda chaja ya simu ya kuendeshwa na baiskeli, na ambaye kupitia karakana ya Twende amekuwa akiwafundisha wengine kubuni na kuunda. Yeye hakusubiri shule imwalike.

Upande wa lundo, sisi hatuna upungufu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, TCRA ilizima simu zote feki nchini, na asubuhi yake droo za Watanzania zikawa makaburi. Televisheni za chogo hazikuuawa na kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuwa king'amuzi kiliziokoa. Zilikuja kuuawa polepole na skrini bapa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu ni asilimia 22.3. Kwa Afrika haifiki asilimia 1.

Mtu wa Geita akisikia hayo atauliza swali moja: kuna dhahabu? Ipo. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa vifaa vilivyokusanywa kwa wananchi wa Japani kati ya mwaka 2017 na 2019: tani 78,985, zikiwemo simu milioni 6.21, zikatoa dhahabu kilo 32. Tani ya mawe ya mgodini inahesabiwa kwa gramu chache. Tani ya simu ina nyingi zaidi, mara kadhaa wa kadhaa.

Na hapo ndipo ninapoogopa. Kuitoa dhahabu kwenye bodi kunataka asidi kali, na huku kwetu kemikali si maneno ya kitabuni. Zebaki inashikwa kwa mikono mitupu. Tuna watu wenye ujasiri wote wa uchenjuaji na kemia yake nusu. Ukimwambia kijana kwamba simu ina dhahabu, bila kumwambia ndani ya kioo cha televisheni ya chogo kuna risasi, kwamba tube yake inaweza kukupiga hata ikiwa imechomolewa, kwamba betri ya lithiamu ukiitoboa inalipuka moto, na kwamba moshi wa waya unaochomwa ili kupata shaba unabeba sumu inayokaa mwilini miaka, umemfundisha kuvunja.

Pwani ya Kenya wameshalipa gharama ya somo hilo. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, uliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alipata sumu hiyo, aliongoza mapambano, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata. Kile kiwanda kilikuwa kinarejeleza. Kwenye karatasi kilikuwa rafiki wa mazingira.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watoto wasiguse kabisa taka hizi. Wanazigusa tayari. Jumamosi pita nyuma ya soko lolote la kanda hii uone nani anachoma waya. Tofauti pekee ni kwamba hakuna aliyewaambia kitu, na aliyepaswa kuwaambia ana silabasi isiyoutaja ule moshi ulio nyuma ya darasa lake.

Serikali, kwa haki yake, imejaribu. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, na kwa miaka mitatu wakuu wa wilaya walikimbizana na michango, mchanga na mabati. Majengo yalisimama. Vifaa vikafuata kwa mwendo wa kinyonga, na katika shule kadhaa nilizopita kuandika habari, maabara iligeuka kuwa stoo ya madawati mabovu. Sasa kuna mkondo wa amali, ulioanza na kidato cha kwanza cha Januari 2024 chini ya sera mpya ya elimu. Wanasema tena karakana. Neno lile lile la mwaka 1967, limerudi baada ya miaka 57, na safari hii limefika wakati ambapo vifaa vya kufundishia vimelala bure kwenye droo za wazazi.

Kinachokosekana ni mtu. Mwalimu wa fizikia anajua kanuni ya Ohm lakini wengi wao hawajawahi kufungua redio. Fundi amefungua elfu lakini hawezi kusimama darasani kwa sababu hana cheti. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti cha ujuzi wake, na huo ungeweza kuwa mlango, ila ulibuniwa ili fundi apate ajira na zabuni. Hakuna aliyefikiria kwamba apate wanafunzi. Kumkalisha fundi na mwalimu meza moja, siku moja kwa wiki, huyu akifungua na yule akieleza, hakuhitaji jengo wala mfadhili. Kunahitaji mkuu wa shule asiyeona aibu kumwita fundi simu ofisini na kumkaribisha chai.

Mmoja wa mafundi wa hapa mjini niliwahi kumuuliza, kama angepewa watoto 40 angeanza na nini. Nilitarajia aseme simu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akasema tochi, hizi za kichwani wanazoshuka nazo wachimbaji kwenye maduara, ambazo kila wiki zinatupwa kwa mamia kuzunguka machimbo. Ina betri, ina chaja, ina swichi, ina taa, basi. Hakuna kitu kilichojificha. Angewapa kila wawili tochi moja mbovu, bisibisi moja na mita ya kupokezana, na asingewaambia tatizo ni nini. Nikamuuliza kwa kawaida huwa ni nini. Vumbi, akasema. Vumbi la mawe limeingia kwenye swichi.